Njia ya Kifaransa Ipitie Kiswahili

Mtu wa Kigoma anaweza kuishi mpaka uzee wake akifanya biashara na Wakongo, akioleana na Warundi na kuzikana nao, bila kuhitaji neno hata moja la Kifaransa. Wakongo wa Kalemie, Uvira na Baraka wanaongea Kiswahili. Warundi wana Kirundi chao, na sisi Waha tunasikilizana nao bila mkalimani. Nenda Kibirizi asubuhi boti zinapopakua: bei inapigwa kwa Kiswahili, ugomvi ni wa Kiswahili, na matani ni ya Kiswahili. Kwa hiyo nilipoanza kujifunza Kifaransa nikiwa nimeshavuka miaka 40, watu waliniuliza swali moja kutoka kila upande. Cha nini? Unahamia Ulaya?

Sihamii popote. Mimi ni mkunga, na majirani zetu wanaongea Kiswahili lakini wanaandikiwa kwa Kifaransa. Cheti cha kuzaliwa, barua ya rufaa, majibu ya maabara, daftari la kliniki, vyote ni Kifaransa. Mama anashuka botini na mimba ya miezi minane, ananisalimia vizuri, ananieleza anavyojisikia kwa Kiswahili ninachokielewa. Kisha anafungua fundo la kitenge na kutoa daftari. Mengi yaliyomo humo yeye mwenyewe hawezi kunieleza, kwa sababu aliyeyaandika hakumweleza.

Acheni niwafungulie daftari moja kama hilo, maana hapo ndipo hamu yangu ya Kifaransa ilipoanzia. Juu kabisa pameandikwa "CPN", yaani mahudhurio ya kliniki ya wajawazito. Chini yake "DDR", tarehe ya hedhi ya mwisho, na "DPA", tarehe ya matarajio ya kujifungua. Umri wa mimba umeandikwa "34 SA", wiki zinazohesabiwa tangu hedhi ya mwisho, sawa na tunavyohesabu sisi. "BCF" ni mapigo ya moyo wa mtoto. "OMI" ni miguu kuvimba. "VAT" ni chanjo ya pepopunda. "VIH" ndiyo ileile HIV tunayoiandika kwa herufi za Kiingereza, herufi zimegeuzwa tu. Halafu kuna presha, "TA", nayo imeandikwa 12/8. Sisi tumezoea 120/80. Wao wanahesabu kwa sentimita za zebaki, sisi kwa milimita, kwa hiyo ukiona 17/11 ujue ni 170/110, na huyo mama si wa kusubiri foleni. Pembeni ya presha hiyo ukikuta "albumine ++" na "OMI", picha ya hatari ya kifafa cha mimba imekamilika: presha iko juu, mkojo una protini, miguu imevimba. Huna sababu ya kukaa.

Na kuna maneno mawili ambayo kila mkunga wa mkoa huu angepaswa kuyajua hata kama hatajua mengine: "utérus cicatriciel". Maana yake kizazi kina kovu, mama huyu alishapasuliwa. Kovu la nje tunaliona tukimpima, lakini karatasi inakwambia na zaidi: lini, kwa nini, na mtoto alikuwaje. Anayeisoma mapema anapiga simu chumba cha upasuaji uchungu ukiwa bado mdogo.

Nilikuwa naona karatasi hizo zikizunguka wodini kutoka mkono hadi mkono, kila mtu akikisia, mpaka apatikane kijana yeyote aliyesoma Bujumbura. Mara nyingine aliyepatikana alikuwa ndugu wa mgonjwa, na mambo ya siri ya mama wa watu yakasomwa na shemeji yake. Hilo liliniuma kuliko yote.

Kifaransa si kigeni Kigoma kama tunavyokichukulia. Mapadre Weupe wa Kadinali Lavigerie, Mfaransa, walifika Ujiji mwaka 1879. Wabelgiji waliuchukua mji huu kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916 na kuushika mpaka 1921 walipowakabidhi Waingereza, kwa hiyo kuna miaka ambayo barua za serikali hapa ziliandikwa kwa lugha hiyohiyo iliyomo katika daftari la yule mama. Leo Burundi tuko nao katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Kongo iliingia mwaka 2022. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, imekuwa ikipokea Wakongo tangu 1996. Karatasi za Kifaransa hazitakoma kuja.

Nilianza kama wanavyoanza wengi, kwa programu ya simu. Zote nilizozikuta zilifundisha Kifaransa kwa Kiingereza, na vitabu nilivyoazima vilikuwa hivyohivyo. Kiingereza nimekisoma, kazi yangu inakitaka, lakini nilijikuta nafanya safari mbili kwa wakati mmoja: kwanza nageuza fikra zangu kwenda Kiingereza, kisha nalazimika kuzigeuza tena kwenda Kifaransa, nazo zimeshachoka. Jambo ninalotaka kusema katika makala haya ni hilo. Mswahili hana sababu ya kuzungukia Uingereza ili afike kwa jirani yake. Sarufi yetu iko karibu na Kifaransa katika mambo mengi ambayo Kiingereza kiko mbali nayo, na hakuna kitabu wala programu iliyonionyesha. Aliyenionyesha ni mzee mmoja wa Gungu, hapahapa Kigoma.

Mzee huyo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Uvira kabla ya vita kuanza huko mwaka 1996. Nilipelekwa kwake na mgonjwa. Alinikaribisha barazani, nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniambia, "Asseyez-vous, mama." Nikakaa. Baadaye nilielewa kwamba amenipa "vous", ile "nyinyi" ya heshima, ingawa ana umri wa kunizaa. Mpaka leo hajawahi kuniita "tu". Anasema mtu mzima aliyekuja kujifunza anastahili heshima kuliko aliyeletwa na wazazi.

Somo la kwanza hakunipa orodha ya maneno. Aliniuliza kwa Kiswahili, "Mama, ukiwa na njaa unasemaje?" Nikamwambia nasema nina njaa. "Ukiwa na kiu?" Nina kiu. "Usingizi? Woga? Homa?" Nina usingizi, nina woga, nina homa. "Na umri?" Nina miaka kadhaa. Akaandika ubaoni: j'ai faim, j'ai soif, j'ai sommeil, j'ai peur, j'ai de la fièvre, j'ai 40 ans. Kila sentensi ina "kuwa na", kama yetu. Kiingereza katika nyingi ya sentensi hizo kinatumia "kuwa" peke yake, ndiyo maana nilikuwa nakwama mahali ambapo sikupaswa kukwama. Kwa mkunga hiyo ni nusu ya mazungumzo ya siku. "Vous avez mal où ?" Una maumivu wapi? Neno kwa neno, imekaa palepale.

Akaendelea. Ninakuona: je te vois. Ninampa: je lui donne. Anayetendewa anakaa kabla ya kitenzi, kama sisi tunavyompachika katikati. Najiosha: je me lave, hiyo "me" inafanya kazi ya "ji" yetu. Kichwa cha mtoto: la tête de l'enfant, kwa mpangilio uleule. Mtoto mgonjwa: un enfant malade, sifa ikifuata jina. Ukikanusha kwa wakati uliopo, Kiswahili kinashika kitenzi huku na huku: hapendi, "ha" mbele na "i" nyuma. Kifaransa nacho kinashika huku na huku: il n'aime pas. Nilitoka barazani kwake nikiwa na furaha ya mtu aliyegundua kwamba ana ndugu katika mji aliodhani ni wa ugenini.

Hata ile jinsia ya maneno inayowatisha wengi, kwa nini meza iwe ya kike na kitabu cha kiume, haikupaswa kututisha sisi. Tuna ngeli, na tunazibeba kila siku: kiti kizuri, viti vizuri, mti mzuri, miti mizuri. Kulinganisha sifa na jina tunakujua tangu utotoni. Wao wana makundi mawili tu na wingi wake. Tofauti ni kwamba ngeli yetu inajionyesha mbele ya neno, ya kwao inajificha, kwa hiyo usijifunze jina bila kitangulizi chake, "le" au "la". Mwalimu alinipa njia ya mkato inayofaa sana hospitalini: maneno yanayoishia "-tion" na "-sion" kwa kawaida ni ya kike, yale ya "-ment" kwa kawaida ni ya kiume. Angalieni wodini kwetu: la consultation, l'infection, l'opération, la tension, la perfusion, la transfusion. Upande wa pili: l'accouchement, le médicament, le traitement, le saignement, le pansement, le vomissement. Siku moja tu, na msamiati mkubwa wa kazi yangu ukawa umepata makundi yake.

Ugumu wenyewe uko sikioni. Kiswahili kina irabu tano, na kila irabu inasomwa ilivyoandikwa. Kifaransa kina irabu zaidi ya kumi, nyingine zinapita puani, na mtu mzima sikio lake limeshafunga hesabu. Nilikuwa nasikia neno moja pale Mfaransa anapotamka mawili. Na maneno yenyewe yanaweza kuwa ya hatari. "Sang" ni damu, "sein" ni titi. Mama anayelalamikia damu na mama anayelalamikia titi wanapelekwa sehemu tofauti kabisa. Tena kuna hii, ambayo kwa mkunga ni ya kila siku: baada ya kujifungua tunapima kizazi kimefika wapi tukilinganisha na kitovu. "Au-dessus" ni juu yake. "Au-dessous" ni chini yake. Kinachotofautisha juu na chini ni irabu moja ya mwisho, nayo ile ya "dessus" haimo katika Kiswahili.

Mwalimu alinifundisha kuipata kwa kinywa kabla ya sikio. Tamka "i", usiondoe ulimi ulipo. Sasa, ulimi ukiwa palepale, kunja midomo kama unayetaka kutamka "u". Sauti inayotoka ndiyo hiyo. Nilifanya zoezi hili njiani nikirudi nyumbani, jikoni, kwenye daladala ya Mwanga nikiwa nimejifunika mdomo kwa mtandio. Kinywa kikishaweza kuitoa, sikio linaanza kuitambua kwa wengine, na siku iliponijia nikiwa nasikiliza redio ilinifurahisha kiasi kwamba binti yangu alitoka chumbani kuuliza kuna nini.

Maandishi nayo yana ukaidi wake. Herufi nyingi za mwisho hazitamkwi. "Elle parle", anaongea, na "elles parlent", wanaongea, masikioni ni kitu kimoja. Wingi unaonekana kwenye karatasi tu. Kwa mtu aliyezoea lugha inayosomeka inavyosikika, hili linachosha. Dawa ya Mwalimu ni ya shule za kwao: imla. Anasoma sentensi polepole, naandika, anarudia, nasahihisha, kisha nanakili sentensi nzima chini yake kwa mwandiko safi. Hana haraka. "Tena," anasema, na tunaanza tena. Vijana wa siku hizi wanaiona imla kuwa mambo ya kizamani. Kwangu ndiyo iliyofungua mlango, kwa sababu mimi nilitaka kwanza kusoma mwandiko wa watu, na mwandiko wa mganga wa Kalemie aliyechoka saa tisa usiku hauko kwenye programu ya simu. Tarakimu ya moja wanaiandika na mkono mrefu unaopanda kutoka kushoto, ukiwa na haraka unaiona saba. Saba yenyewe wanaikata katikati. Desimali wanaweka mkato: joto 38,5. Mambo madogo, lakini dozi hutegemea mambo madogo.

Tarakimu zina jambo jingine. Vitabu vya Ufaransa vitakufundisha kwamba 70 ni sitini na kumi na 90 ni nne mara ishirini na kumi: soixante-dix, quatre-vingt-dix. Jirani zetu wa Kongo na Burundi wamerithi hesabu ya Ubelgiji: septante na nonante. Mapigo ya moyo 92 kwao ni "nonante-deux". Ukijifunzia Kigoma ujifunze zote mbili, ila uanze na ya jirani. Kuna walimu watakaokwambia hiyo si sahihi. Ni sahihi, Wabelgiji na Waswisi wanahesabu hivyo mpaka leo.

Watu huniuliza kuhusu kumbukumbu, kwamba ukubwani maneno hayashiki. Uzoefu wangu ni kwamba yanashika yakikutana na kazi. Majina ya matunda na ya wanyama wa mwituni niliyoyasoma mwanzoni yalipotea yote. "Saignement" niliisoma mara moja na haikutoka. Mtoto hujifunza chochote anachopewa. Mtu mzima ana sababu, na sababu inafanya kazi ambayo kumbukumbu ya ujana ilikuwa inaifanya. Kinachomkosesha mtu mzima ni muda na kichwa kilichotulia. Baada ya zamu ya usiku hakuna kitenzi kinachoingia. Kwa hiyo nikaacha kuvizia saa nzima za kusoma, nikachukua vipande. RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, wana taarifa ya habari ya kila siku ya dakika 10 kwa Kifaransa chepesi, na maandishi yake yapo kwenye tovuti yao. Naisikiliza bila kusoma, kisha nikisoma, kisha bila kusoma tena. Mwalimu hunitumia sauti kwa WhatsApp, sentensi tatu nne za wodini, nazijibu kwa sauti nikiwa nachemsha maharage.

Kuna la aibu pia, nalo ni zito kwa mwanamke wa umri wangu mwenye cheo chake. Wodini mimi ndiye ninayesahihisha wengine. Barazani kwa Mwalimu nakaa na mabinti wa kidato cha pili wanaoinua mkono kabla yangu. Nimewaona watu wazima wawili wakija mara chache na kuacha, na si kwa sababu hawakuweza. Kwetu mkubwa akikosea mbele ya wadogo anaona amevuliwa nguo. Ningewaomba wanaofundisha watu wazima wafanye kama Mwalimu wangu: yeye hamsahihishi mtu mzima mbele ya watoto, anaandika sahihisho kwenye kipande cha karatasi na kumsogezea. Hicho ndicho kilichonifanya nirudi.

Kuongea kulichelewa, na kulikuja kwa lazima. Usiku mmoja aliletwa mama aliyekulia Kinshasa, amemfuata mumewe mashariki. Lugha zake ni Kilingala na Kifaransa, Kiswahili hana. Uchungu umeshamkamata na hakuna aliyeweza kumuuliza lolote. Nikaitwa. "Depuis quand avez-vous mal ?" Maumivu yameanza lini? Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaanza kumwaga maneno kwa kasi ambayo sikuifuata yote. Nikamwomba aende taratibu. Chupa imepasuka? Ndiyo. "De quelle couleur ?" Maji yalikuwa na rangi gani? "Claires." Meupe. Swali hilo na jibu hilo ni la maana mno. Maji ya kijani yangenipeleka njia nyingine. Alipofika mwisho nilimwambia asisukume bado, apulize: "Ne poussez pas, soufflez." Akapuliza. Akanisikiliza kila neno mpaka mtoto akatoka, msichana, akilia kwa nguvu. Kwa lugha ya ishara tungemzalisha pia, wakunga wamewazalisha mabubu na viziwi tangu zamani. Lakini asingejua kinachoendelea mwilini mwake, na mwanamke ana haki ya kujua.

Tangu hapo wodi nyingine wananiita. "Sista, njoo utusomee." Nasoma, na kila mara nawaambia wapime wenyewe upya, kwa sababu karatasi inaeleza mgonjwa alivyokuwa siku ilipoandikwa. Nimeanza kujiandaa na mtihani wa DELF, cheti cha Kifaransa kwa wageni, ngazi ya kati inayoitwa B1, kule kituo cha Kifaransa cha Alliance Française, Dar es Salaam. Una sehemu nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea, alama 25 kila moja, na ukipata 50 kati ya 100 bila kushuka chini ya 5 katika sehemu yoyote umefaulu, na cheti hakiishi muda. Kusoma sina wasiwasi nako. Kusikiliza bado kunanidai.

Ila kinachonishughulisha zaidi ya mtihani ni kitabu ambacho hakipo. Walimu wa Kifaransa wa mkoa huu, wa Kasulu, Kibondo, Kakonko na hapa mjini, tuandikieni Kifaransa kwa Kiswahili. Kianze na "nina njaa" na "ninakuona", kitumie ngeli zetu, kiweke septante na nonante, kiwe na sura ya hospitali, ya bandari, ya forodha ya Manyovu. Vyuo vya uuguzi vya huku mpakani vingeweza kukifundisha kwa muhula mmoja, na karatasi zisingezunguka tena wodini zikitafuta shemeji wa kuzisoma.

Mimi na Mwalimu tumeanza upande wetu, kwenye daftari kubwa la jalada gumu. Ukurasa wa kushoto Kiswahili, wa kulia Kifaransa, vifupisho vyote vikifunguliwa. Ujauzito tumemaliza, uchungu na kujifungua tumemaliza, damu kutoka baada ya uzazi tumeirudia mara mbili kwa sababu hakuridhika na sentensi zangu. Sasa tuko kwa mtoto mchanga. Wiki hii ni manjano, "ictère", na anataka dalili zote niziandike kwa sentensi kamili.